Mwaka wa Mashine na Mwaka wa Babu

Debre Tabor, Hidar 14, 2003

Mjomba Gizachew,

Shikamoo. Sisi huku wazima, Mungu ashukuriwe. Mama amepona kikohozi na ameanza tena kugombana na watu, kwa hiyo amepona kweli. Punda wetu amezaa jike. Vitunguu vya mwaka huu vimejaa mpaka chumbani kwangu, nalala navyo kama ndugu. Babu macho yanazidi kufifia lakini ulimi uko palepale; juzi alimsahihisha padri mbele ya watu kuhusu siku ya kuanza mfungo, na padri akanywea.

Sasa kaa vizuri, Mjomba, maana habari ninayo! Unamkumbuka Zenebech, jirani yetu muuza siagi? Mvua zilizopita mto ulimchukua pale kivukoni, Jumamosi, akitoka sokoni. Juu yake anga lilikuwa jeupe, hata tone hakuna. Mvua ilinyesha huko mlimani Guna, maji yakateremka yakamkuta katikati. Na Mama hupita hapohapo kila Jumamosi. Nilimwambia aache, akaniuliza kama vitunguu vitakwenda sokoni kwa miguu yao.

Basi mimi nimetengeneza kijisanduku. Kitakaa darajani, kule juu miguuni pa mlima, kipime maji. Yakipanda ghafla, kitatuma ishara kwa redio hadi kivukoni, na king'ora kitalia kabla maji hayajafika. Ndani yake kuna kibao cha umeme, kidogo kama kiganja, na kibao hicho kinahitaji mfumo endeshi wake mdogo, kisha programu yangu juu yake. Programu nimeshaiandika. Lakini kibao na kompyuta yangu havizungumzi lugha moja. Inatakiwa kompaila ya kuvusha: inakaa ndani ya kompyuta, inasoma nilichoandika, inakitoa kwa lugha ya kibao. Na hiyo kompaila lazima niijenge mwenyewe, kipande juu ya kipande, kutoka kwenye diski niliyopewa chuoni.

Mjomba, haijengeki! Kabla haijaanza lolote, inapima kama mazingira yake yana akili timamu. Ndivyo inavyoandika, sikuzua. Halafu inajibu kwamba faili jipya ni la zamani kuliko mafaili yaliyoletwa, kwa hiyo akili timamu hakuna, na inakoma. Nilipomsomea Mama akasema, "Humu ndani? Hilo mbona nalijua siku nyingi, halikuhitaji kompyuta."

Natumia ile kompyuta uliyotuletea. Nisaidie kabla ya mwezi Sene. Mvua zikianza hazingoji mtu.

Mpwa wako,
Yeshimebet


Graz, Desemba 19, 2010

Yeshi, mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako niliisomea ngazini, nikaona tarehe ya 2003 pale juu nikacheka peke yangu, jirani akafungua mlango kunitazama. Nimekaa mno na kalenda ya huku kwa wazungu, nimeisahau ya kwetu. Mpwa wangu ananiandikia akiwa miaka saba nyuma yangu, na Januari ikiingia itakuwa minane! Katika mwaka ulipo wewe, mimi bado nilikuwa na nywele.

Msalimie dada yangu Lakech, mwambie kikohozi kilimwogopa. Msalimie punda, msalimie na mwanawe. Hata yule padri aliyenywea mpe salamu zangu.

Huku theluji imeziba madirisha, nami nakula mkate kama adhabu. Lakini barua yako imenipa joto. Kijisanduku cha mto! Umeniua. Mimi kazini navipa akili vibao vya lifti, visijue tu kusimama ghorofa gani bali pia kutomfungulia mtu mlango hewani. Kompaila yangu ya kwanza ya kuvusha ilinitoa jasho mpaka nikawaza kurudi kuchunga ng'ombe. Kwa hiyo usilie, karibu katika ukoo.

Ugonjwa huo wa akili timamu mara nyingi ni saa tu. Ujenzi wa namna hii unakwenda kwa tarehe za mafaili. Mfikirie mpishi: anaangalia kipi kilitangulia kipi, na kilichochakaa anakipika upya. Sasa akikuta chakula alichokiivisha hivi punde kina tarehe ya kabla ya unga kuletwa, anatupa mwiko. Basi angalia tarehe ya kompyuta. Linganisha na kalenda ya ukutani, isipishane hata siku moja.

Nakutumia na diski mpya, kwa mkono wa msafiri anayekuja kula Krismasi kwao. Andika haraka, nataka kusikia kishindo.

Mjomba wako,
Gizachew


Debre Tabor, Tir 13, 2003

Mjomba wangu,

Shikamoo. Diski imefika. Sikukuu ya Timkati tumeisherehekea vizuri, tumerushiwa maji ya baraka mpaka gauni langu jipya likachuja rangi. Mama anakusalimu, anasema kama mkate ni adhabu, injera iko huku, haijahama.

Mjomba, umewasalimu wote na punda na mtoto wa punda. Kuna mtu mmoja alikaa kwenye kigoda akinisikiliza nikisoma. Nilipomaliza akauliza, "Ndiyo mwisho?" Nikasema ndiyo. Akachukua fimbo yake akatoka nje. Na ule utani wa miaka saba, tafadhali usiurudie. Mama amenieleza ulichosema siku unaondoka, mbele ya wageni, kwamba unakwenda kwenye mwaka ambao sisi bado hatujaufikia. Humu ndani neno hilo halijaisha.

Haya, kompaila. Tarehe nimeiangalia kama ulivyosema. Nimeilinganisha na kalenda ya kanisa iliyo ukutani: siku, mwezi, mwaka, sawasawa kabisa. Wala nisingehitaji kuangalia, maana anayeiweka kila asubuhi ni mtu asiyekosea tarehe. Kwa hiyo saa haina kesi.

Nikafanya ujanja. Nikakiondoa kile kipimo cha akili, nikaiambia songa mbele na wazimu wako. Ikasonga! Nilipiga vigelegele, Mama akaja mbio na kisu mkononi akidhani wameleta posa. Mistari ilikuwa inashuka kwenye kioo kama mvua, tukakaa wote tunaitazama, hata kahawa ikapoa. Kisha nikaanza kuona mistari ileile inarudi. Inajenga, inasita, inasema hiki kimechakaa, inaanza upya. Inazunguka kama ng'ombe wa kupura ngano, ila ngano haitoki. Nimeiacha siku nzima, bado inazunguka.

Sikukata tamaa, usidhani. Kijisanduku chenyewe nimeshakipaka rangi nyekundu. Fundi redio wa sokoni amenipa king'ora cha gari bovu, tulikijaribu uani, kuku wakapotea mpaka jioni. Kila kitu kipo. Bado akili tu.

Yeshi


Graz, Februari 16, 2011

Yeshi,

Marahaba. Nimecheka habari za kuku mpaka wenzangu kazini wakataka nitafsiri. Mpe pole mama yako kwa posa iliyogeuka mistari. Mimi mzima, meno tu yananisumbua.

Hayo ya siku niliyoondoka tuyaache.

Kama saa ni nzima, basi toleo lenyewe ndilo bovu. Vipande hivi vinachaguana kama wakwe: zana za chini za toleo hili zinaikataa kompaila ya toleo lile. Nakutumia diski nyingine, nimepanga kila kipande na mwenzake niliyemwona mwenyewe akikubaliana naye. Hapa kwangu vimejengeka vyote kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana.

Lakini jambo moja linaniwasha. Kwa nini tarehe iwekwe kila asubuhi? Kompyuta si saa ya kujaza ufunguo. Na huyo asiyekosea ni nani? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi daktari wako, niambie yote.

Gizachew


Debre Tabor, Megabit 17, 2003

Mjomba,

Shikamoo. Tuko mfungoni, shiro mchana, shiro jioni, nimeanza kuota siagi. Mtoto wa punda anatembea nyuma ya Mama mpaka sokoni. Ndiyo, bado anapita kivukoni. Mto sasa ni mwembamba, unaweza kuuruka.

Diski yako ya wakwe nimeijaribu. Mambo ni yaleyale, akili timamu hakuna. Mjomba, niliipiga kompyuta kofi. Ni kosa, najua, lakini nilipumua.

Umeuliza, nitakujibu, ila usije ukasema nimekwambia. Betri ya saa imekufa, nayo imechomelewa ndani kabisa, fundi anaogopa kuigusa. Kwa hiyo kila nikiiwasha, kitu cha kwanza inauliza tarehe. Na anayeijibu ni Babu.

Ndiyo, Babu! Yuleyule aliyeapa kwamba hatagusa kitu cha "mtu yule". Mwanzoni alikuwa anakaa mbali akijifanya anasali. Asubuhi moja nikaandika siku vibaya, akauliza nimeandika ngapi. Nikamtajia. Alaa! Kidogo aanguke kigodani. "Hiyo ni sikukuu ya mtakatifu gani, we mtoto? Umeiruka ya Mikaeli!" Tangu siku hiyo haniachii. Anasogeza pua mpaka kwenye kioo, anabonyeza kidole kimoja kimoja: siku, mwezi, mwaka. Merigeta Admasu, mwalimu wa kanisa, mtu aliyelihesabia kanisa Pasaka na mifungo tangu Mama hajazaliwa, sasa anaihesabia na kompyuta. Akimaliza huipigapiga mgongoni, "Haya, fanya kazi."

Mara moja tu ilimbishia. Mwisho wa Tikimt ilikataa tarehe ishirini na tisa, kesho yake ikakataa na thelathini. Babu aliigombeza mpaka mwezi ukaisha. Nadhani ni vumbi kwenye vibonyezo.

Basi umejua. Nijibu upesi, Mjomba, Pasaka ikipita mawingu yanaanza kukusanyika.

Yeshi


Debre Tabor, Ginbot 2, 2003

Mjomba,

Shikamoo. Mbona kimya? Pasaka imepita, nimengoja barua mpaka mtu wa posta ananionea aibu. Unaumwa? Au nimekosea kukwambia yale?

Guna imevaa mawingu tangu juzi. King'ora tumeshakiweka kivukoni, na kijisanduku tumekifunga darajani, chekundu, kizuri, watu wanakuja kukitazama na kuuliza kinafanya nini. Nawaambia, kwa sasa kinakaa.

Mama amesema Jumamosi anakwenda kama kawaida.

Andika hata mstari mmoja.

Yeshi


Graz, Mei 13, 2011

Yeshi wangu,

Marahaba. Siumwi. Barua hii nimeiandika na kuichana, nimeiandika na kuichana. Leo naitia kwenye bahasha kabla sijaisoma tena.

Chukua barua yako yoyote uliyowahi kuniandikia. Tazama juu, kwenye tarehe.

Umeona? Mafaili yote kwenye diski nilizokutumia yamezaliwa 2010. Kompyuta yenu inaambiwa kila asubuhi kwamba huu ni 2003. Kila inachokijenga leo kinaonekana kimetangulia unga wake kwa miaka! Ndiyo maana inasema haina akili, ndiyo maana ukiilazimisha inazunguka. Na Tikimt ni mwezi wenu wa pili. Mashine ikisikia mwezi wa pili inajua Februari, na Februari ya mwaka huo haina siku ya ishirini na tisa, seuze thelathini. Si vumbi, mwanangu. Ilikuwa inapiga kelele tangu Tikimt na sisi hatusikii.

Na nani alikwambia ulinganishe na kalenda ya ukutani? Mimi! Mtoto aliyezaliwa chini ya kalenda hiyo! Nimekaa na barua zako mezani, tarehe inanitazama, namcheka aliyeiandika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilijua siku ileile ilipofika barua yako ya Megabit, niliposoma habari za Februari iliyogombezwa. Mtu mwingine yeyote angeweza kumwambia mzee yule kwamba shida ni mwaka wake. Mimi siwezi. Unajua kwa nini, usiniulize.

Fanya hivi. Asubuhi mwache aandike kama kawaida. Akitoka, zima, washa, weka 2011 mwenyewe. Futa kila ulichojenga, fungua diski upya, anza mwanzo. Itakwenda, nakuapia. Yeye asijue. Nitatuma na betri, fundi wa hapa amenieleza jinsi ya kuibadilisha, baada ya hapo haitamuuliza mtu tena.

Na mama yako asivuke mpaka hapo. Mfungie punda kama hasikii.

Gizachew


Debre Tabor, Sene 13, 2003

MJOMBA!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Sijui nianzie wapi, naandika mbiombio, usinicheke mwandiko.

Kwanza, sikuweza kuficha. Bahasha yako Babu anaijua kwa kuipapasa tu, akaketi. Nikaanza kusoma, nikafika pabaya, nikaruka. Akanyoosha fimbo. "Umeruka. Karatasi mbili zimesomwa kwa pumzi moja. Rudi." Nikarudi. Nikasoma yote, Mjomba, mpaka na lile "yeye asijue." Mama aliacha kuchambua vitunguu.

Babu akauliza, "Mashine hii imezaliwa wapi?"

Nikasema, "Kwa wazungu, Babu."

"Na miezi yote hii hukuniambia kwamba ina hesabu yake? Mgeni yuko nyumbani kwako, hujamuuliza kwao wanahesabuje, unamlazimisha afunge mfungo wetu! Ndiyo maana amechanganyikiwa maskini. Washa."

Nikawasha. Akafumba macho, akahesabu kwenye pingili za vidole kama anavyotafuta Pasaka, midomo inatembea, kisha akataja siku na mwezi wa wazungu bila kutazama popote. Akainamisha pua kwenye kioo. Mbili. Sifuri. Hapo akafuta kidole kwenye shuka lake. Moja. Moja. Akaipigapiga mgongoni.

Nikafuta yote, nikafungua diski upya, nikaanza. Ikapima kama mazingira yana akili timamu. Ikajibu: NDIYO!

Mama akasema, "Mwongo huyo," lakini alikuwa analia.

Ilijenga kutwa. Zana za chini, kompaila ya kwanza, maktaba, kompaila ya pili juu yake, kila moja ikifika mwisho na kushuka ijayo. Hatukula. Umeme ukiyumba tu Babu anaanza zaburi. Jioni nikaipa programu yangu, ikaitafuna, ikaitoa kwa lugha ya kibao. Kesho yake nikapanda darajani na kuimimina ndani ya kijisanduku, na taa yake ndogo ikawaka kijani, ikazimika, ikawaka. Inapumua, Mjomba! Nilipiga vigelegele peke yangu pale darajani, ng'ombe wa watu wakakimbia.

Hayo yalikuwa katikati ya wiki. Sasa sikia ya Jumamosi.

Mama alikuwa kivukoni anarudi sokoni, na wanawake wengine nyuma yake. Anga jeupe, kama siku ya Zenebech. Punda ameshatia miguu majini, Mama ameshakunja gauni. King'ora kikalia. Mama anasema alinitukana kwanza, akidhani nimeanza majaribio yangu. Halafu akakumbuka kwamba mimi niko nyumbani. Akaanza kumvuta punda arudi, na punda ni punda, hataki, wanawake wote wakamshika, huyu mkia, huyu masikio, wakamtoa. Walipogeuka, maji yakapita. Ya kahawia, marefu kuliko mtu, yamebeba mti mzima na mizizi yake. Walikaa ukingoni wameshikana mikono mpaka yakapungua. Hakupotea mtu, wala mtoto wa punda.

Alifika nyumbani kalowa matope, akanitazama. "King'ora chako kina sauti mbaya sana," akasema. Kisha akanikumbatia nikakosa pumzi.

Betri usitume. Babu amesema kazi hiyo ina mwenyewe. Kila asubuhi anaiwekea mwaka wake, kisha anakuja ukutani kusoma wa kwetu kwa sauti, asije mmoja akaona wivu.

Na ameniagiza niandike neno lake hapa mwisho, kama lilivyo, nisiruke:

"Mwambie yule aliyekwenda kwenye mwaka ambao sisi hatujaufikia. Mwambie nimeufikia. Nimeuandika kwa kidole changu, nimeutazama pande zote, na mwanangu sikumwona humo. Sasa na yeye aje kwenye wangu."

Yeshi


Graz, Hamle 9, 2003

Baba,

Shikamoo. Leo nakuanza wewe, dada na Yeshi watanisamehe, na punda pia.

Tarehe ya hapo juu nimeitafuta kwa pingili za vidole kama ulivyonifundisha. Nilikosea mara mbili, ya tatu nadhani nimepata. Utanisahihisha.

Nimekata tiketi. Nafika Pagume 3, katika ule mwezi wetu mdogo wa kumi na tatu, ili mwaka mpya unikute nimeketi nawe. Huku mwezi huo haupo. Nilipomwomba mkubwa wangu likizo ya mwezi wa kumi na tatu alidhani naacha kazi. Yeshi asijaribu kuiandikia mashine siku hiyo. Itaikataa.

Wewe unaijua siku hiyo ilipo. Ningoje hapo.

Mwanao,
Gizachew